Mipira Miwili ya Saumu

Tangu siku walipomzika Mzee Alimasi, mwanawe Alfani na binti yake Saumu hawakusalimiana. Waliishi katika kiwanja kimoja, mtaa wa Waislamu pale Kamina, nyumba zao zikitazamana na kamyo ya marehemu, lori lake la biashara, ikiwa imesimama katikati. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, alilisema kwa sauti mbele ya kuku, au mbele ya Zaituni, mke wa Alfani, na aliyekusudiwa alisikia.

Ugomvi ulianzia kwenye urithi. Mwalimu wa msikiti aliwagawia kama sheria inavyotaka: Alfani mafungu mawili, Saumu fungu moja. Nyumba ziligawanyika. Magunia, mizani na masanduku ya dukani yaligawanyika. Kamyo haikugawanyika. Alfani alichukua ufunguo siku ile ile, akatangaza kwamba dada yake atapata kitu kwenye kamyo hiyo kama mgeni anavyopata chakula: akikaribishwa.

Lililomchoma Saumu halikuwa fungu lenyewe. Alipoachwa na mumewe alirudi kwa baba yake, na baba, badala ya kumwacha jikoni akilia, alimpandisha kwenye kamyo. Wakaenda Kinkondja na kurudi, masika na kiangazi, wakinunua samaki wakavu wa ziwa Kisale na kuwaleta Kamina. Alfani alikaa dukani, mikono yake misafi. Saumu ndiye aliyeshuka kwenye matope kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Ndiye aliyelala chini ya kamyo kwenye vumbi, akimpa baba funguo za nati na kriki ya kuinulia gari, akisikiliza. Maisha yake yote alikuwa amemwita Alfani "yaya", kama mdogo anavyomwita mkubwa wake. Siku ile ya ufunguo alianza kumwita Alfani tu, jina kavu, na majirani wakajua mambo yameharibika kabisa.

Mwaka ule Wabelgiji walikuwa wakijenga Base, kambi yao kubwa ya jeshi, nje ya mji, na wafanyakazi walimiminika kutoka kila upande. Wote walitaka samaki. Alfani akamwajiri dereva, Kyungu, kijana wa Kiluba aliyependa kupiga honi hata penye mbuzi mmoja, na kamyo haikupumzika.

Alasiri moja Saumu alikuwa akipepeta mahindi mbele ya mlango wake kamyo ilipoingia kiwanjani. Aliposikia tu namna ilivyokata kona, mikono yake ilisimama. Mipira ya magurudumu ya mbele ililia, mlio mwembamba wa kitu kinachoburuzwa. Kyungu aliposhuka kwenda kula, Saumu aliweka ungo chini, akajifunga kitenge vizuri, akatambaa chini ya kamyo.

Kwa nje mipira ilikuwa mizuri, meno yake yamesimama. Lakini aliupeleka mkono upande wa ndani, usioonekana na mtu aliyesimama, na huko meno hayakuwepo. Kiganja kilipita laini kama kwenye kibuyu. Alipokirudisha nyuma, kingo za mpira zilimkwaruza. Mpira wa kulia ulikuwa hivyo. Wa kushoto ulikuwa hivyo na zaidi, kwani mahali pamoja vidole vyake viligusa nyuzi.

Baba alikuwa amemfundisha jambo hilo kwa mkono wake mwenyewe, akimshika kidole na kukipitisha. Mpira ukiliwa kingo zote mbili, hauna upepo wa kutosha. Ukiliwa katikati, umejazwa kupita kiasi. Ukiliwa upande mmoja, usiulaumu mpira. Tafuta chuma kilichopinda. Saumu akatazama bara, kile chuma kirefu kinachoyashika magurudumu mawili ya mbele yaangalie njia moja. Ilikuwa imepinda kama upinde, na kwenye mkunjo wake gome la mti lilikuwa bado limenasa. Magurudumu yalikuwa yamefunguka kwa mbele, kila moja likitaka kwenda kwake, na kila safari njia iliyasaga upande wa ndani.

Alitoka na vumbi kichwani. Alfani alikuwa kizingitini, akinawa kwa ajili ya sala.

"Ile bara ya mbele imepinda," Saumu alisema, akiwatazama kuku. "Mipira ya mbele imekwisha ku upande ya ndani. Ya kushoto inaonyesha nyuzi. Muntu akishuka nayo mulima ya Kisale, itapasuka, na ataingia mu shimo."

"Zaituni," Alfani alisema bila kugeuka, "ambia huyu mwanamuke mipira iko na meno. Nimeiona na macho yangu."

"Uliona ya inje! Lala chini, sawa vile minyi nililala."

Alfani aliacha kunawa. Akamwita Kyungu, naye akaja na tonge la ugali mkononi.

"Kyungu, uligonga kitu mu njia?"

"Minyi? Hapana, patron. Hata kichuguu." Kyungu aliyasema hayo akilitazama tonge lake.

"Umesikia?" Alfani alisema, na mara ya kwanza baada ya miezi alimtazama dada yake usoni. "Dereva njo huyu, hapana weye. Na kama mipira imekwisha, lete ile mipya ya baba. Iko chini ya kitanda yako. Kyungu ataifunga leo."

Ilikuwa kweli. Mipira miwili mipya, imefungwa kwenye magunia isipigwe na jua, ililala chini ya kitanda cha Saumu. Baba ndiye aliyeiweka pale kabla ya ugonjwa wake.

"Nyoosha bara kwanza," Saumu alisema. "Ukiifunga vile, bara itaikula sawa ilikula hii. Kabla ya mvua kuisha utakuwa bila kitu."

Majirani walikuwa wameshaanza kuegemea ua. Alfani aliwageukia.

"Munaona? Muchawi huyu anaificha. Anataka minyi nianguke mu mulima, yeye abakie na kamyo yote!"

"Kama nilitaka uanguke," Saumu alisema, "ningenyamaza."

Lakini neno la Alfani lilikuwa limekwisha ruka ua. Kesho yake lilikuwa kisimani, kesho kutwa sokoni. Wanawake walinyamaza Saumu alipofika na ndoo yake. Muuza chumvi mmoja alimrushia kipimo chake bila kumgusa mkono. Hata Zaituni, aliyekuwa akimpitishia bakuli la mboga siku za Ijumaa, aliacha. Saumu alipika peke yake, akala peke yake, na usiku alihisi mipira ile chini ya kitanda kama watu wawili wanaomsubiri aseme.

Zaituni alikuwa na mimba ya kwanza, na tumbo lilikuwa limeshuka. Ikaamuliwa akajifungulie kwa mama yake Kinkondja, na kamyo ndiyo ingempeleka, Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri. Saumu aliposikia, alijibishana na nafsi yake, na Ijumaa yenyewe tangu asubuhi hadi jua lilipopanda. Mwisho alivuka kiwanja. Zaituni alikuwa akikunja nguo za mtoto.

"Wifi," Saumu alisema mlangoni, "usipande ile kamyo. Ngojea banyooshe bara. Ao panda kamyo ya bantu ya kubeba pamba."

"Unaniombea kifo, wifi?"

"Ninakuambia kitu nilishika na mukono yangu."

"Mukono yako!" Zaituni alisimama kwa shida, mkono kiunoni. "Mukono yako iko na wivu. Bwana yako alikuacha bila mutoto, sasa unakuja kutazama tumbo yangu na kusema kifo, kifo. Toka!"

Na kwa sababu Saumu hakutoka upesi, Zaituni alichukua beseni la maji aliyokuwa amefulia, akayamwaga mlangoni. Yalimlowesha Saumu miguu hadi magotini. Alisimama kidogo akiyatazama matone yakidondoka kwenye pindo. Kisha akarudi kwake, akafunga mlango, akakaa kitandani. Alikuwa na hasira, na hasira hiyo, alijua mwenyewe, haikuwa safi. Sehemu yake ilimhofia mwanamke yule na tumbo lake. Sehemu nyingine ilitaka tu kumvunjia Alfani safari.

Adhuhuri ilipoingia wanaume wote wa mtaa walikwenda msikitini. Kyungu, Mkatoliki, alikuwa amekwenda kunywa kibuyu cha mwisho cha pombe kabla ya safari. Kamyo ilikuwa imekwisha pakiwa magunia ya chumvi na marobota ya vitenge.

Saumu alitoka na kriki. Aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma. Alilegeza nati kwa kuisimamia funguo kwa miguu miwili na kurukaruka, kama baba alivyomfundisha mtu mwepesi afanye. Akainua upande wa kushoto, akapanga matofali chini ya ekseli, akang'oa gurudumu. Akaenda upande wa kulia. Zaituni alitoka, akaona, akapiga kelele, lakini mtaa ulikuwa na wanawake peke yao na hakuna aliyetaka kumsogelea Saumu na chuma kile mkononi. Magurudumu yalikuwa mazito kuliko alivyokumbuka. Aliyabingirisha moja moja hadi mlangoni kwake, akayalaza juani, upande wa ndani juu, akakaa juu ya mojawapo na funguo mapajani.

Wanaume walirudi. Mbele alikuwa Alfani katika kanzu nyeupe, na alipoiona kamyo imepiga magoti, aliwaacha wenzake nyuma. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwingine.

"Mwizi! Mwizi mu nyumba ya baba!"

"Nimeiba nini?" Saumu hakuinuka. "Mwalimu alisema fungu yangu ni moja kwa tatu. Kamyo iko na mipira sita. Nimechukua mbili. Fungu yangu njo hii. Zile ine ni zako, Alfani, uende nazo fasi unataka."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu kila kitu. Alfani aliruka, mkono juu. Mwalimu, mzee mfupi mwenye nguvu za mchimba visima, aliudaka mkono ule hewani.

"Ijumaa, Alfani," alisema. "Na kanzu ya sala ungali umeivaa." Kisha akamgeukia Saumu. "Na weye, binti Alimasi, urithi haipasuliwe na funguo ya nati. Unafanya baba yako achekwe."

"Mwalimu, tazama hapa kabla ya kunisemea."

Mwalimu aliinama. Wengine wakainama. Kwenye jua lile hapakuwa na la kubishana: mpira umekuwa upara upande mzima, na kwenye ule wa kushoto nyuzi nyeupe zilikuwa zimetoka kama mifupa kwenye samaki aliyeliwa. Saumu aliyatazama macho ya kaka yake yakienda kwenye zile nyuzi na kurudi, na akajua ameona. Akajua pia kwamba, kwa sababu ameona mbele ya watu, hatakubali.

"Kaa nayo," Alfani alisema polepole. "Kaa nayo, ulale nayo, uzae nayo. Kyungu! Ng'oa mbili ku nyuma, funga mbele. Tutaenda na ine."

Hivyo kwa chuki tupu alifanya nusu ya kile Saumu alichokuwa akikitaka: mipira mizima ya nyuma, iliyokuwa ikikaa miwili miwili, ilitoa mmoja kila upande ikaja mbele. Lakini bara ilibaki imepinda. Na nyuma, mahali palipokuwa na mipira minne ya kubeba mzigo, sasa palikuwa na miwili.

"Punguza mizigo!" Saumu alipaza sauti. "Alfani! Nyuma hayiwezi!"

Alfani alishusha magunia machache kwa ajili ya macho ya watu, na wakaondoka. Zaituni alikaa kibandani mwa kamyo kati ya mumewe na dereva, akitazama mbele.

Siku zilizofuata mtaa haukumpa Saumu hata moto wa kuwashia. Alikuwa akifagia asubuhi moja Kyungu alipotokea na baiskeli, nguo zake nyekundu kwa vumbi, akasimama nje ya ua bila kuingia.

"Mama Saumu."

"Amekufa nani?"

"Hapana muntu. Mpira ya nyuma ilipasuka. Tuko juu ya mulima, pale njia inaanza kushuka. Patron alinituma kutafuta mpira mu mji. Mugiriki ya duka ya mipira hana kipimo hii. Anasema tungojee treni." Aliupangusa uso kwa kofia yake. "Madame Zaituni miguu yake imevimba. Wanalala chini ya kamyo."

"Alfani alikutuma kwangu?"

"Hapana. Alisema nikikuja kwako atanifukuza."

Saumu aliegemeza ufagio ukutani. "Kyungu, unitazame. Ile bara, uliigongesha wapi?"

Kijana alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi tu yalichora mistari kwenye vumbi. "Kisiki. Njia ya Kabongo. Nilitaka kupita bantu ya pamba, nikapanda mu majani. Nilisema nitainyoosha kimya-kimya, hakuna muntu atajua."

"Na ukapandisha mwanamuke ya mimba juu ya uongo yako."

"Ndiyo, mama."

Alitamani kumpiga na ule ufagio. Badala yake aliingia ndani, akavuta magunia chini ya kitanda. Mchana ule wote walifanya kazi. Waling'oa mipira mizee kutoka kwenye yale magurudumu mawili kwa vyuma na miguu, wakavalisha mipya, wakapokezana pompi mpaka mabega yakagoma. Ule mzee wa kushoto, wenye nyuzi, Saumu aliutupa nyuma ya nyumba; haukufaa tena isipokuwa kukatwa ndala. Ule wa kulia aliupiga ngumi, akaupitishia mkono kote.

"Huu tunaubeba," alisema. "Mbele hawezi tena. Nyuma, ku upande ya ndani, akisaidiwa na mwenzake, atafanya kazi kidogo."

Kesho yake asubuhi walipata nafasi kwenye kamyo ya pamba. Saumu alikaa juu ya marobota, ameikumbatia mipira, akimsikia Kyungu akisali kwa Kiluba kila penye shimo.

Walifika jua likiwa kichwani. Kamyo ya baba yake ilikuwa imeinama upande mmoja, na mbele yake njia ilidondoka kuelekea bonde lote la Kisale, maji yaking'aa mbali chini, kona juu ya kona bila ukingo. Zaituni alikuwa mkekani, chini ya kivuli cha kamyo. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi vidole vimezama. Saumu aliitazama miguu ile. Huyu alikuwa hapa kwa sababu mipira miwili ilibeba kazi ya minne, na mkono uliong'oa ulikuwa wake. Kama mipira ya zamani ingalikuwa mbele, huenda leo wangekuwa kule chini bondeni. Huenda. Lakini ajali isiyotokea hakuna aliyeiona, na miguu ile kila mtu aliiona.

"Ni weye," Alfani alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa jua. "Njo weye ulituharibisha. Tazama bibi yangu."

"Namutazama."

"Umekuja kucheka?"

"Nimeleta mipira. Lakini siifungi kabla ya kutazama ile uliweka weye." Akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele. "Hii ilikuwa nyuma, mizima. Weka mukono, Alfani. Hapa hakuna bantu. Hakuna Mwalimu. Hakuna muntu atacheka."

Upepo ulipanda kutoka bondeni. Alfani, polepole kama mtu mwenye maumivu ya mgongo, alipiga magoti upande wa pili, akapeleka mkono ndani. Saumu aliona uso wake ukibadilika. Safari moja tu, na ukingo wa ndani ulikuwa umeshaanza kunyolewa.

"Nani aligonga?" aliuliza, sauti chini.

"Minyi, patron," Kyungu alisema.

Alfani aliinuka akamkaba shati, akamsukuma kwenye mlango wa kamyo hadi bati likalia. "Ulinifanya niite dada yangu muchawi! Mbele ya Kamina yote!"

"Hapana yeye," Saumu alisema. "Mudomo ilikuwa ya nani? Muache. Ukimuvunja, nani atashusha hii kamyo? Weye?"

Alfani alimwachia. Alitema mate pembeni, akaenda kusimama mbali, amewapa mgongo.

Kijiji hakikuwa mbali, na huko walimpata mhunzi, Mwenze, mtu wa maneno machache. Kyungu alifungua bara wakampelekea. Aliiweka juu ya jiwe lake, akaipiga, akaiinua jichoni, akaipiga tena, mpaka ikanyooka. Walipoirudisha, Saumu alitoa uzi wa kufumia nyavu kutoka kwenye pindo la kitenge.

Kupima kunataka watu wawili. Uzi hupitishwa mbele ya magurudumu, ukashikwa huku na kule, kisha hupelekwa nyuma yake, na urefu ule hulinganishwa. Kyungu alikuwa chini na funguo, mikono yake yote ikiwa na kazi. Zaituni hakuweza kuinama. Saumu alishika ncha moja, akangoja. Ncha nyingine ililala mavumbini.

"Alfani, shika."

Aliishika. Walikuwa wamepiga magoti wakielekeana, kamyo nzima kati yao, na kitu pekee kilichowaunganisha kilikuwa uzi ule ulionyooka.

"Vuta. Usilegeze."

"Nimevuta."

"Umelegeza! Sasa nyuma. Kyungu, fungua kidogo. Baba alitakaka mbele ipungue nusu ya kidole."

"Najua vile baba alitakaka."

"Hujui. Ulikuwa mu duka."

Alfani aliutupa uzi chini. Saumu aliusubiri urudi mkononi mwa kaka yake, na ulirudi. Walipima na kugombana, wakapima tena, jua likaanza kuinama, mpaka nusu ya kidole ikapatikana. Mipira mipya ilikaa mbele. Ile iliyoanza kunyolewa ilirudi nyuma, na ule mzee wa kulia ukaingia ndani, mahali pa uliopasuka.

Kazi ilipokwisha, Saumu alikusanya vyuma, akaketi juu ya jiwe kando ya njia.

"Panda," Alfani aliuambia upepo.

"Nitangojea kamyo ya kurudi Kamina."

Zaituni alikuwa ameshapandishwa kibandani. Alitoa kichwa dirishani. Hakuwa na uso wa kuomba radhi, na hakuiomba. "Wifi, nikianza kuzaa mu hizi kona, nani atanishika? Hawa wanaume? Panda."

Saumu alipanda nyuma, kwenye magunia. Kyungu alishusha kamyo kama mtu aliyebeba mayai, na hakupiga honi hata mara moja. Kwenye kona ile mbaya, ambapo njia inaning'inia juu ya miti, Saumu alisikiliza mipira ya mbele kwa mwili wake wote. Haikulia.

Zaituni alijifungua salama kwa mama yake, mtoto wa kike. Alfani hakumkaribisha dada yake kwenye siku ya jina. Zaituni alituma mtu amwite, Saumu akaenda, akambeba mtoto, akamrudisha, akaondoka kabla ya chakula.

Waliporudi Kamina, Alfani alikwenda kwa Mwalimu mwenyewe. Wakakubaliana kwamba kamyo itakuwa ya Alfani safari mbili, na safari ya tatu ya Saumu, Kyungu akiwaendesha wote. Alfani aliyasikiliza maneno hayo akitazama ukuta. Hakuwahi kusema mtaani kwamba alikosea, na waliomwita Saumu mchawi hawakujirudi. Walipata tu mtu mwingine wa kumsema. Ukuta wa matofali ulijengwa kiwanjani kabla ya kiangazi kwisha, na nafasi ikaachwa ya upana wa kamyo.

Zamu ya Saumu ilipofika mara ya kwanza, Alfani alimletea kamyo tanki likiwa kavu na kibanda kimejaa magamba ya samaki. Alishuka, akamnyooshea ufunguo kwa mkono wa kushoto.

"Niliigeuza mipira," alisema. "Ya mbele ku nyuma, ya nyuma ku mbele. Usiniletee maneno."

Saumu alilala chini akakagua kote, mmoja mmoja, wakati Alfani amesimama juu yake akikunja uso.

"Ya mbele ku kulia ina upepo mingi," alisema akitoka. "Utaimaliza katikati."

"Basi itoe!" Alfani alifoka, akageuka kwenda zake.

Saumu alichukua kijiti, akaubonyeza mdomo wa mpira, akautoa upepo kidogo kidogo hadi alipotosheka.